Kibandiko cha Mama Kaunta

Wateja ndio waliowapa majina, na mteja wa mkate wa asubuhi hana muda wa kutunga mengi. Pacha aliyekaa nyuma, kwenye moto, walimwita Mama Tanuri. Aliyekaa mbele, kwenye chenji na umbea, walimwita Mama Kaunta. Sura moja, sauti moja, hata mwendo mmoja wa kurusha mguu wa kushoto pembeni kama mtu anayefukuza kuku mlangoni. Aliyetaka kuwatofautisha alisubiri wakunje mikono ya nguo. Mama Tanuri alikuwa na alama za kuungua kuanzia kiganja hadi kiwiko, mistari mistari, kila mstari na trei yake. Mama Kaunta alikuwa na bangili.

Duka lilikuwa la baba yao. Alipochoka alimwita aliyezaliwa kwanza, akamkabidhi ule ubao mrefu wa kutolea mikate motoni. Wa pili akamkabidhi ufunguo wa droo.

"Ulitangulia kwa kusukuma tu," Mama Kaunta alizoea kumwambia mwenzake. "Ningepata upenyo ningekupita."

Na walikuwa wakicheka. Siku hizi kicheko kilibaki mbele ya pazia lililotenga kaunta na tanuri. Nyuma ya pazia hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama Tanuri alikuwa amesahau chumvi.

Kusahau chumvi mara moja ni ajali, na wateja wa zamani husamehe. Yeye aliisahau, akaahidi, akaisahau tena. Shule ya bweni ikarudisha trei zake, na mpishi wa shule akatuma salamu kuwa wanafunzi wanauliza kama huu ni mkate au ni dawa ya kusafishia tumbo.

Mwili wa Mama Tanuri ulikuwa umepata tanuri la pili, na hili halikuwa na mlango wa kufunga. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika masikioni, kisha jasho likashuka hadi kwenye donge la unga. Likipita linaacha baridi ya kumtetemesha mtu mbele ya moto. Kitandani ilikuwa vilevile. Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu ambaye hata mezani alikaa kama ameshika usukani.

"Mke wangu," alisema asubuhi moja, "nimeendesha milimani, nimeendesha mchangani. Sijawahi kulala juu ya injini."

"Basi shuka."

"Nimeshashuka. Kwa kuanguka."

Kuungua angekuvumilia, kuungua ndiyo kazi yake. Kilichomtisha ni kichwa. Alikuwa anashika ule ubao mrefu, anasimama mbele ya mlango wa tanuri, na anashindwa kukumbuka kama alikuwa anaingiza mikate au anaitoa. Mikono iliyokanda unga tangu ujana ikawa inauma vidoleni. Na mpishi wa mkate asiyeaminika na chumvi atakuwa mpishi wa mkate mpaka lini? Hilo ndilo lililomkosesha raha: tanuri. Alikuwa na mume, watoto wakubwa, nyumba. Lakini mahali alipojua yeye ni nani palikuwa pale, mbele ya ule mlango wa chuma, na ubao mkononi.

Kabla ya hapo pacha hao walishatibiwa kila kitu isipokuwa walichokuwa nacho. Mama Tanuri alimeza dawa za malaria bila malaria. Mama Kaunta aliambiwa ana vidonda vya tumbo, kisha ana mawazo, kisha kijana mmoja wa zahanati, umri wa kitinda mimba wake, akamshauri apunguze hasira.

"Nilikuwa sina," alisema Mama Kaunta. "Nikazipata palepale."

Aliyewatajia jina la jambo lenyewe alikuwa daktari wa kliniki ya wanawake, binti mwembamba aliyevaa raba nyekundu chini ya koti jeupe, tayari kukimbia wakati wowote.

"Ni ukomo wa hedhi, mama zangu. Si ugonjwa. Lakini si adhabu pia, kwamba lazima mkae kimya muimalize."

Akawaeleza utafiti wake. Dawa zipo, alisema, na vitabu vipo. Shida ni wanawake waliomo ndani ya vitabu hivyo: wa mbali, wengi wanafanya kazi kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Wanawake wa hapa, wanaosimama motoni, sokoni, shambani, hakuna aliyewauliza lolote. Yeye alikuwa ameomba ruhusa ya kuwauliza mpaka wakubwa wake wakawa wanajificha wakimwona kwenye korido. Na sasa anapata pacha! Damu moja, duka moja, umri mmoja. Alitaka kuwakumbatia.

"Ni kibandiko cha kubandika kwenye ngozi. Kuna watakaopata chenye dawa, na kuna watakaopata kitupu. Hata mimi sitajua nani kapata kipi. Kompyuta ndiyo inayopiga kura, mtu mmoja mmoja. Kwenu ninaomba kitu kimoja tu: mniambie ukweli."

Hayo ya kura ya mtu mmoja mmoja pacha hawakuyasikia. Walishaziona bahasha mbili juu ya meza. Na hawa walilelewa kwenye nyumba ambayo kila kitu kilikuja kimoja na kukatwa: mmoja anakata, mwingine anachagua. Maisha yao yote hawakuwahi kuona vipande viwili ambavyo kimoja hakikuwa kikubwa kuliko kingine. Basi kila mmoja akachukua bahasha yake, akaipima mkononi, akaiangalia ya mwenzake.

Wiki chache baadaye Mama Kaunta akaanza kung'aa.

Alianza na poda, laini, imelala usoni kama unga uliochekechwa. Ikaja rangi ya mdomo. Ikaja feni ndogo ya mkononi, ya waridi, aliyoishika kwa vidole viwili kama mtu wa kwenye picha. Kisha akaanza kuimba. Aliimba akihesabu chenji, aliimba akifunga mikate kwenye karatasi, aliwaimbia wateja majina ya skonzi. Kila kicheko chake kilichopenya pazia kilimkuta Mama Tanuri ameinamia donge la unga, naye alilipiga ngumi donge hilo kana kwamba ndilo lililocheka.

"Pacha wako siku hizi kawa msichana," mteja mmoja alimwambia, mzee mstaafu mwenye redio kwapani. "Nyinyi wawili nani mkubwa?"

"Yeye," alijibu Mama Tanuri. "Tena sana."

Walipokuwa wakibadilisha nguo kwenye stoo ya unga alikitazama kibandiko cha mwenzake kwa jicho la pembeni. Kilikuwa kimetulia kwenye nyonga, bapa, pembe zote chini, kama muhuri wa serikali. Chake yeye kilikuwa kimejikunja pembe moja kwa jasho. Hata kwa macho tu kilionekana cha bure.

Wivu wa pacha ni mchafu kuliko wivu mwingine. Jirani akipata kitu, unajiambia ana bahati, ana wajomba. Pacha wako akipata, huna cha kujiambia. Ni mwili wako uleule umepona, ila umepona ukiwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo zamu yake ya kliniki ilipofika, na daktari akamuuliza hali, Mama Tanuri alijibu akiwa na macho mekundu: "Nzuri sana."

"Usingizi?"

"Nalala kama pono."

"Mafukuto, lile joto la ghafla?"

"Ndiyo nini hayo? Nimeshayasahau."

Asingekubali pacha wake apone peke yake, hata kwa maneno. Daktari aliandika, akafurahi, na Mama Tanuri akarudi kazini akiwa amesahau mkoba kliniki.

Siku shule ya bweni iliporudisha trei, Mama Kaunta alikuja nyuma. Si kawaida yake kuja nyuma. Alisimama karibu na tanuri, akaliangalia kama mtu anayeangalia nyumba anayotaka kupanga.

"Ndugu yangu, nimefikiri."

"Pole."

"Sikiliza kwanza. Umechoka. Mimi nadhani tubadilishane. Wewe njoo kaunta, ukae kwenye kiti, upate hewa. Mimi nitashika tanuri. Tuanze Jumatatu."

Mama Tanuri aliuweka chini ule ubao, polepole, kwa sababu kama angebaki nao mkononi kungekuwa na kesi.

"Tanuri unalijua wewe?"

"Tulizaliwa humu."

"Wewe ulizaliwa kwenye droo ya pesa. Hata biskuti unaunguza."

"Na wewe unapika mkate wa wagonjwa," alisema Mama Kaunta, na mara midomo yake yenye rangi ikatetemeka kidogo. Mwenzake aliona ni furaha. "Jumatatu," alirudia, akarudi mbele, na baada ya muda wimbo ukasikika.

Kumbe ndiyo hivyo, alifikiri Mama Tanuri. Amechukua dawa, amechukua ngozi, amechukua usingizi. Sasa anakuja kuchukua moto.

Simu ya duka ililia kesho yake, wakati Mama Kaunta yuko nje anabishana na mwenye kuleta mayai. Mama Tanuri alipokea akiwa na unga mikononi.

"Mama Kaunta?" Ilikuwa sauti ya nesi wa kliniki.

"Ndiyo, mwanangu," alijibu, na mdomo ulikuwa umeshajibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Nesi akasema ratiba imebadilika. Miadi ya wiki ijayo imewahishwa, aje Ijumaa hii kuchukua bahasha mpya ya vibandiko. Mama Tanuri alishukuru. Alikata simu. Alisimama pale, alama ya unga sikioni, na mpango ukajikanda wenyewe. Ijumaa ni kabla ya Jumatatu. Aende yeye, achukue bahasha ya Mama Kaunta, na kwenye droo ya Mama Kaunta aweke ya kwake. Nani angejua? Hata mama yao mzazi aliwahi kumwogesha mmoja mara mbili na mwingine akalala na matope. Akibandika dawa ya kweli kichwa kitarudi, chumvi itarudi, na Jumatatu atakuwa na la kusema.

Ijumaa alimwambia mwenzake anakwenda kutazama bei ya hamira. Alivaa blauzi ya Mama Kaunta ya mikono mirefu, akajipaka poda yake, akaichukua hata ile feni ya waridi. Mumewe alimkuta kwenye kioo.

"Shemeji, karibu," alisema, kisha akatazama miguu, viatu vilevile vyenye unga. "Ala! Ni wewe. Unakwenda wapi na uso wa watu?"

"Hamira."

"Hamira siku hizi inataka poda?"

Njiani alifanya mazoezi ya kuimba.

Kliniki haikuwa na foleni ndefu. Daktari wa raba nyekundu alimpokea mwenyewe, akafunga mlango, na kabla Mama Tanuri hajakaa vizuri akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Haya Mama Kaunta, niambie. Bado unajificha stoo?"

Mama Tanuri alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa majibu ya mtu aliyepona, na hakuna hata moja lililofaa.

"Stoo," alisema.

"Na beseni la maji?"

"Lipo."

"Tulisema uache kuona aibu. Mwanamke akiweka miguu kwenye maji baridi mara tatu kwa siku hajaiba kitu. Na kulia? Kumepungua?"

"Nani... wastani," alisema Mama Tanuri. Feni ilikuwa imesimama mkononi.

"Mwezi uliopita uliniambia umemlilia mteja aliyekuomba chenji. Nimekufikiria sana." Daktari akavuta kiti karibu. "Na dada yako je? Umeshamwambia?"

"Niseme nini?"

"Kwamba huna nafuu. Kwamba ile poda ni ya kukausha jasho na nyimbo ni za kuficha. Mama, siwezi kukulazimisha, lakini unajichosha. Kila siku unajipamba ili yeye asijue umeshindwa, kisha unakuja hapa unaniambia yeye ndiye aliyepata dawa ya kweli, anasimama motoni kutwa wala halalamiki. Mnakaa nyumba moja ya kazi, pazia tu katikati."

Mama Tanuri akaanza kupunga feni. Joto lilianza kifuani kama kawaida yake, likapanda, likafika masikioni, na poda ya watu ikaanza kuteremka kwa mistari. Daktari alidhani ni huzuni. Akamshika mkono kwa upole.

"Tupime presha kwanza."

Akakunja mkono wa blauzi.

Mistari ilikuwepo yote, kiganja hadi kiwiko, ya zamani na ya juzi. Hakukuwa na bangili hata moja. Daktari aliitazama. Akanyanyua macho. Akaitazama tena.

"Mama Kaunta," alisema, "tangu lini chenji inaunguza?"

Nje nesi alikuwa anaita mtu.

"Wewe ni Mama Tanuri."

"Daktari, mwanangu..."

"Uliyeniambia unalala kama pono."

"Nilidanganya."

"Mafukuto umeyasahau."

"Yananikumbuka yenyewe."

Daktari hakucheka. Alisimama, akaenda dirishani, raba zikilia sakafuni. Aliporudi alikuwa amekasirika kweli, na hasira ya mtu mpole haina mahali pa kukaa.

"Kwanza, umenifanya nitoe siri za mgonjwa wangu. Nimekwambia mambo ambayo hakukwambia mwenyewe, na kosa hilo ni langu pia, ningetazama mkono kwanza. Pili, majibu yako yote niliyoandika ni takataka. Unajua nilivyowapigania? Niliwaambia wakubwa wangu nina pacha, nina ushahidi ambao hautapatikana popote. Kumbe nina mmoja anamdanganya dada yake na mwingine ananidanganya mimi. Ulikuja kuchukua nini?"

"Kibandiko chake."

"Cha nini?"

"Yeye amepona," alisema Mama Tanuri, kisha akasikia alichosema, akaikunja feni ya waridi na kuiweka mezani taratibu kama kielelezo mahakamani.

Daktari akakaa. "Nenda kamwambie. Mwenyewe, leo, kabla sijampigia. Halafu mje wote wawili."

Duka lilikuwa na wateja wawili na hakuna mtu kaunta. Mama Tanuri aliwahudumia, akakosea chenji, akapita pazia, akafungua mlango wa stoo.

Mama Kaunta alikuwa amekaa juu ya gunia, sketi magotini, miguu kwenye beseni. Poda ilikuwa imeshuka hadi kidevuni. Aliangalia blauzi yake kwenye mwili wa mwenzake, akaangalia uso uleule wenye poda ileile iliyoshuka vilevile.

"Hiyo nguo yangu."

"Ndiyo."

"Umetoka wapi?"

"Kwa daktari. Nilikwenda nikiwa wewe."

Ilichukua muda kuingia. Ilipoingia, Mama Kaunta alisimama ndani ya beseni, maji yakaruka kwenye unga.

"Alikwambia nini? Alikwambia nini huyo mtoto?"

"Aliniambia unalia. Usimlaumu, alidhani anaongea nawe."

"Sasa umefurahi! Ulijua tangu zamani mimi ndiye wa kulia. Umepata dawa, umepata nguvu, unasimama motoni kama askari, bado ukaona haitoshi, ukaja kunichungulia!"

"Dawa gani nimepata? Nasimama kwa sababu nikikaa sinyanyuki! Mkate hauna chumvi, hujaona? Mtu mwenye dawa anasahau chumvi?"

"Nilidhani umejisahau kwa raha."

"Raha!" Mama Tanuri alipiga gunia la unga, na wote wawili wakawa weupe. "Wewe ndiye uliyekuwa unaimba!"

"Naimba ili nisisahau mtu ameagiza nini. Nikinyamaza inaruka. Mikate miwili, skonzi nne, naimba mpaka nimfungie."

"Na rangi ya mdomo?"

"Ili waangalie mdomo, wasiangalie jasho."

Mama Tanuri akatafuta kitu kingine cha kumshitaki nacho. Kilibaki kimoja, na hicho ndicho kilichokuwa kimemkaa kooni wiki nzima.

"Basi tanuri langu unalitakia nini?"

Mama Kaunta akakaa tena juu ya gunia. Sauti ikashuka.

"Kwa sababu tanuri halikuangalii. Wewe ukitoka jasho huku nyuma nani atauliza? Uko motoni. Una sababu. Mimi nalowa mbele ya friji ya soda, watu wanane wamesimama, yule mzee wa redio anauliza mama una homa. Nakuonea wivu, ndugu yangu. Usiku na mchana nauonea wivu ule moto wako. Nilitaka mahali pa kuungua kwa heshima."

Mama Tanuri aliwahi kuonewa wivu kwa vitu vingi, hasa mume aliyekuwa anasafiri mara kwa mara. Kwa tanuri, hapana. Aliivua blauzi ya mwenzake, akajifuta nayo shingo, jambo ambalo siku nyingine lingeleta vita, na akasema, "Sogea." Beseni lilikuwa dogo. Walikanyagana vidole humo ndani, wakalaumiana nani amesogea zaidi, mpaka mteja mbele akaanza kupiga kaunta kwa sarafu.

"Anataka nini?" aliuliza Mama Tanuri.

"Mkate. Naye auonee wivu kidogo."

Jumatatu haikuwakuta kwenye tanuri wala kaunta. Iliwakuta kliniki, wamekaa bega kwa bega mbele ya daktari kama wanafunzi waliovunja dirisha. Mume wa Mama Tanuri ndiye aliyeachiwa duka.

Daktari alikuwa ameshapiga simu zake. Hawawezi kuendelea kwenye utafiti, alisema. Wametoka, wote wawili, kwa kuwa majibu yao yalilinganishwa kama jozi. Hakusema kwa ukali, na ndivyo ilivyouma zaidi. Alikuwa amewatafuta kwa muda mrefu, na sasa ataanza kutafuta wengine.

"Wanawake wangapi wamekudanganya kama mimi?" aliuliza Mama Tanuri.

"Sijui. Hilo ndilo litakaloninyima usingizi mimi, na mimi bado kijana." Akafungua bahasha aliyotumiwa. "Mtu akitoka, naruhusiwa kujua alikuwa anatumia nini, ili nimtibu vizuri. Mnataka kujua?"

Walishikana mikono bila kujijua. Mmoja alikuwa anajiandaa kusamehe, mwingine kusamehewa, na hakuna aliyejua ni nani atakuwa nani.

"Mama Tanuri: kitupu."

Mama Tanuri akageuza shingo, polepole, kumtazama mwenzake.

"Mama Kaunta: kitupu."

"Vyote?" Walisema pamoja, sauti moja.

"Vyote. Niliwaambia siku ya kwanza, kila mtu na kura yake. Hakuna aliyesema lazima mmoja wenu apate."

Mama Kaunta alianza kucheka, kisha akawa analia, kisha mwenyewe hakujua, na daktari akampa karatasi laini. Mama Tanuri alikuwa bado anafikiri. Mikunjo yote ile ya uso, ngumi zote alizopiga unga, kwa ajili ya vipande viwili vya plasta.

"Daktari," alisema mwishowe. "Katika hivyo viwili, kitupu zaidi kilikuwa cha nani?"

Hapo daktari alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Halafu akawapima vizuri, mmoja mmoja, mikono wazi, akawauliza upya maswali yote, na safari hii alipouliza usingizi Mama Tanuri alitaja hata mume aliyeanguka. Waliondoka na vibandiko vya dawa ya kweli, maelezo ya nini cha kutegemea na nini cha kurudi haraka kukisema, na onyo kwamba haifanyi kazi kwa siku moja. Mlangoni Mama Tanuri aligeuka.

"Hao pacha wengine ukiwapata, waambie mapema. Waambie sio mkate wa kukatwa."

Dukani walikuta foleni hadi nje. Dereva mstaafu alikuwa kaunta, mikono kwenye usukani usioonekana, anawasimulia wateja habari za breki zilizokatika mlimani. Hakuna aliyetaka kuondoka. Mzee wa redio alikuwa ameizima redio. Kwa hiyo kaunta ikapata mtu wake, na Mama Kaunta akafunga aproni na kuja nyuma, kwenye moto, mahali pa kuungua kwa heshima.

Usidhani palikuwa na amani. Mkate wa kwanza waliopika pamoja ulirudi kutoka shule ya bweni na salamu mpya: wanafunzi wamekunywa maji ya wiki nzima. Mama Tanuri alikuwa ametia chumvi. Mama Kaunta, asiyemwamini, alikuwa ametia tena.

Baada ya muda, asubuhi moja, walikutana mlangoni mwa stoo. Mama Kaunta alikuwa na uso mkavu, bila poda.

"Umelala?" aliuliza.

"Nimelala."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka baba watoto akanigusa kuona kama niko hai."

Mama Kaunta alifunga aproni. "Mimi niliamka mara moja," alisema.

Mama Tanuri akasikia furaha inampanda kifuani, shingoni, mpaka masikioni, kwa njia ileile ya mafukuto. Akaona haya. Kisha akafurahi tena kidogo, kwa siri, kwa sababu mtu habadiliki kwa plasta. Akauchukua ule ubao mrefu pale ukutani, ule aliopewa na baba, akaupima mkononi, akamnyooshea pacha wake.

"Shika. Trei hii tu."

"Hii tu?"

"Na ukiiunguza unarudi kwenye droo."

Mama Kaunta aliushika kwa mikono miwili, akafungua mlango wa chuma, na moto ukamwangaza uso. Mama Tanuri alisimama nyuma yake, karibu sana, mkono nusu umenyooshwa kuunyakua.

"Kushoto," alisema. "Kushoto! Mama yangu, huyu ataniua. Kushoto kwako, sio kwangu."